Droo ya Saba

Nilizikuta nje ya karakana, zimepinduliwa juu ya lundo la maranda, kati ya viroba vya vumbi la mbao na vipande vilivyosubiri kwenda kuwa kuni. Zilikuwa droo za kabati la zana la baba. Nilizitambua tangu barabarani. Nilizihesabu zikawa sita, nikazihesabu tena kwa kuzigusa moja moja kwa sababu zilipaswa kuwa saba, na hasira ilikuwa imekwisha kunipanda hadi masikioni kabla sijamsalimia mtu.

Ndani, kaka yangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, skrubu mbili mdomoni, akichana nailoni za droo mpya. Zilikuwa nyeupe, zote saizi moja, zimelala kwenye maboksi yake kama mayai kwenye trei. Pembeni kulikuwa na milango iliyopakwa rangi huko huko kiwandani, na reli za chuma zilizolainishwa kwa mafuta, zimefungwa mbili mbili kwa mpira. Kabati la zamani halikuwepo. Mahali liliposimama tangu nipate akili palikuwa na mstatili wa ukuta ambao haujawahi kuona jua wala vumbi, mweupe kama ngozi iliyotoka kufunguliwa bandeji.

"Umefika," akasema, akitoa skrubu mdomoni. "Hebu nishikie hapa."

Sikumshikia. Nikamwuliza nani amemruhusu. Akasema baba. Nikamwambia baba yuko msibani Misungwi tangu Jumatano, na wewe umesubiri aondoke. Kaka yangu ana tabia moja mbaya: hakasiriki. Unamrushia maneno, anayapokea kama fundi anayepokea mbao kutoka kwenye gari, anayapanga kando, anaendelea na kazi.

"Nilimwambia wiki iliyopita. Alisema fanya unavyoona."

"Alisema hivyo kwa sababu amechoka kubishana na wewe."

"Au kwa sababu na yeye anataka kabati linalofunguka."

Karakana yetu iko Pasiansi, chini kidogo ya barabara, kwenye kiwanja kilichobanwa na mawe mawili makubwa kuliko nyumba. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa kwa kipande, kati ya jiwe na bati la jirani. Baba ametengeneza hapo vitanda, milango, madawati na majeneza tangu kabla sijazaliwa. Kaka alibaki naye kwenye mbao. Mimi nilikwenda kusoma, nikarudi na riwaya moja iliyochapishwa na nyingine inayokataa kuisha, nikapanga chumba upande wa pili wa mji. Kila Jumamosi nakuja karakana kwa kisingizio cha kumsalimia mzee, kumbe nakuja kunusa mninga.

Na nakuja kuliona lile kabati. Lilikuwa na desturi yake. Kijana aliyemaliza kujifunza kwa baba hakupewa cheti, alipewa tundu. Baba alimwonyesha nafasi tupu kabatini, akamwambia tengeneza droo ya hapo, iache, nenda kajitegemee. Hakuruhusiwa kutumia futi ya kupimia. Alikata kwa macho na kwa kijiti, akajaribu, akaranda, akajaribu tena, mpaka droo ikubali kuingia. Kwa hiyo hakuna droo iliyofanana na mwenzake, na hakuna iliyoweza kuingia kwenye tundu la nyingine.

Ya kwanza ilitengenezwa na kijana wa Misungwi ambaye sasa ana mvi, na ulikuwa lazima uinyanyue kidogo ndipo uivute. Ya pili ni ya mtu wa ng'ambo ya Kigongo, mtoto wa fundi mitumbwi. Huyo aliziba viungo vya droo kwa pamba iliyochovywa mafuta, kama anavyoziba chombo kisiingize maji, na kila ulipoivuta ilishusha pumzi. Ya mtu wa mkono wa kushoto ilikwenda upande. Moja ililia kama mtoto wa mbuzi. Nyingine ilipoteza kishikio, ikawekewa kipande cha ukanda wa ngozi, na hakuna aliyejishughulisha kukibadilisha. Njia zote ambamo droo hizo ziliteleza baba alizilainisha kwa mafuta ya sangara, na paka wa jirani alikuja kulamba kabati letu kana kwamba ni sahani. Ubavuni, ndani ya vanishi, kulikuwa na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Walitua siku vanishi ilipokuwa mbichi, wakabaki hapo. Nilipokuwa mdogo nilijifunza kuhesabu kwa wadudu wale.

Ya saba ilikuwa yangu. Niliitengeneza nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, baada ya kumlilia baba kwa wiki nzima anipe tundu. Mimi si fundi na yeye alijua. Droo yangu ilitoka nusu, ikakwama, mpaka uipige goti kwa chini ndipo imalizie safari. Nilitaka kuendelea kuiranda. Baba akasema iache hapo hapo, ukiendelea utaimaliza mbao yote.

Nimeandika juu ya kabati hilo. Kwenye riwaya yangu limo, kurasa mbili nzima, na yumo fundi mzee ambaye kila asubuhi akiingia kiwanjani hulipapasa jiwe la mlangoni kama anayelisalimia. Nimewahi kuzisoma kurasa hizo mbele ya watu, wakanipigia makofi. Nalitaja hili sasa kwa sababu baadaye lilinirudia vibaya.

Siku ile nilimwambia kaka kila kitu ambacho mtu wa vitabu anaweza kumwambia mtu wa mbao. Nilisema anafuta mikono ya watu. Nilisema karakana inayonunua droo haina tofauti na duka, na fundi anayefunga skrubu kwenye vitu vilivyotengenezwa na mashine ya mbali ni mpagazi tu mwenye bisibisi. Hilo la mpagazi lilimfanya ainue kichwa.

"Sikiliza, mwandishi. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, anataka makabati ya jiko, nyumba nzima. Akaangalia kabati letu. Mteja akija kwa fundi anaangalia kabati la fundi, hilo ndilo tangazo lake. Akavuta droo moja, ikakwama. Akatabasamu, akasema atafikiria. Unajua ilikuwa droo ya nani?"

Nilijua.

"Basi," akasema, akarudisha skrubu mdomoni.

Na hapo, Mungu anisamehe, nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na hoja. Mwili wa kabati la zamani ulikuwa umeliwa na mchwa kwa nyuma. Aliniambia na niliyaona mabaki yake, yamekuwa kama biskuti. Droo moja ya kutengeneza kwa mkono inamla siku mbili, akipata umeme na asipougua mgongo. Hizi za kununua alizifunga saba kati ya chakula cha mchana na saa kumi. Ukizisukuma kwa kidole zinajifunga zenyewe, taratibu, bila sauti. Nilizisukuma mara nyingi kuliko ilivyolazimu nikitafuta kasoro.

Nilikwenda kukaa nje juu ya zile sita. Nilikuwa nimekaa hivyo alipokuja mama mmoja mtu mzima anayebanika samaki kule chini karibu na mwalo wa wavuvi. Kila Jumamosi huja kuchukua vipande vya kuni. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamwambia kwamba leo hizi haziendi. Akaniangalia nilivyokaa, kanga imenifunika miguu, uso umevimba.

"Mwanangu, hizi ni kuni au ni marehemu? Mbona umezikalia matanga?"

Nikamwuliza kama ameona nyingine, ya saba. Hakuficha. Kaka yangu alikuwa amempa moja jana yake, akaijaribu kwanza.

"Iliwaka vizuri," akaniambia, nadhani kwa kutaka kunipoza. "Haina moshi mwingi. Samaki walitoka na rangi safi kabisa. Ni ile kaka yako aliyoitoa kwa nyundo, ilikuwa imekwama."

Ndani nilimsikia kaka akicheka, kisha akijitahidi kicheko kiwe kikohozi.

Sikusema naye tena siku hiyo. Nilizibeba droo sita moja moja nikazificha nyuma ya rundo la mbao. Nikalala nyumbani kwa kaka, chumba cha watoto, kwa sababu nilitaka niwepo baba akirudi. Tangu mama afariki, baba anaishi na kaka na wifi yangu. Nilitaka nimwone anavyoingia na kukuta kabati lake halipo. Nilitaka nimwone akiumia, nisiwe peke yangu. Hiyo ndiyo kweli, na si nzuri.

Jumatatu asubuhi, kama saa tatu, baba alikuja karakana. Milango yote miwili ilikuwa wazi na jua lilijaa mpaka kwenye kona. Alilipapasa jiwe, akaingia, akapokea shikamoo zetu, akauliza habari za kazi, akaeleza kidogo za msiba. Juu ya kabati hakusema neno. Alivua koti akalitundika kwenye msumari wake, akaenda moja kwa moja ukutani, kwa hatua zile zile za siku zote, akanyoosha mkono mahali ilipokuwa droo ya kwanza, na kabla hajavuta akainyanyua kidogo.

Droo mpya haikuhitaji kunyanyuliwa. Ilimjia kwa kasi mpaka ikamgonga kifuani.

Akaifunga. Akafungua ya chini yake. Akasubiri, sikujua anasubiri nini. Sasa najua alisubiri ile pumzi. Akafungua ya tatu, ya nne, akarudi ya pili. Hakuangalia ndani. Uso wake ulikuwa umetazama mbele, ukutani, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Zile droo zilijifunga nyuma ya mkono wake moja baada ya nyingine, kimya, kwa adabu. Kisha akaingiza mkono ndani ya moja, na kaka alikuwa amepanga patasi humo, ncha zote zimeelekea kwa mwenye kufungua. Baba alivuta pumzi kwa meno. Alipoutoa mkono, damu ilikuwa inashuka kwenye kiganja hadi kwenye mkono wa shati.

Kaka alimfikia kwanza, akamshika, akamfunga kitambaa. "Baba, hukuziona?"

"Taa ya humu haifai," baba akasema.

Hakuna taa iliyowashwa. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Tulitazamana, mimi na kaka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tatu. Kisha hasira yangu ikapata njia na nikaifuata. Nilimpigia kaka kelele mpaka jirani wa kuchomelea vyuma akazima mashine yake asikie vizuri. Nikasema unalala naye nyumba moja, unakula naye sahani moja, haoni na wewe hujui. Nikasema umemfanya kipofu mara ya pili, umemnyang'anya kitu pekee alichokuwa anaona kwa mkono. Nikasema mikono saba ilikuwa inamwongoza mzee huyu na wewe umeipeleka kubanika sangara.

"Mama, nyamaza," baba akasema.

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Kwa kawaida neno hilo hunilainisha.

"Sinyamazi, baba. Zile droo..."

"Zile droo nilizichukia."

Alijitafutia benchi kwa goti, akaketi, mkono umefungwa kitambaa mapajani.

"Unafikiri niliwaambia vijana watengeneze droo kwa sababu gani? Sikuwa na uwezo wa kununua reli. Wala bawaba nzuri sikuwa nazo. Nikaona hawa wanaondoka, wacha kila mmoja aniachie kitu. Futi ya kupimia hawakutumia kwa sababu ilikuwa moja, nilikuwa naihitaji mimi. Zikienda upande, zikilia, nikajua nitazibadilisha nikipata. Sikupata. Ukaja wewe ukaandika kitabu. Kaka yako alinisomea kile kipande. Kizuri. Lakini mimi ningekuwa na hizi nyeupe enzi zile, ningezifunga hizi nyeupe."

Kaka hakucheka. Ningefurahi angecheka.

"Ila nimezizoea," baba akasema. "Miaka mitatu hii, minne. Nikivuta inayolia, najua misumari. Inayokwenda upande, randa. Ile yako najua ni ya penseli na mraba wa kupimia pembe, kwa sababu naipiga goti. Sikuwa na haja ya kumsumbua mtu."

Miaka mitatu, minne. Nilisimama pale nikizikumbuka Jumamosi zote za miaka hiyo. Nisomee hii wewe, alikuwa akisema, miwani nimeisahau. Nipitishie uzi kwenye sindano hii. Na jiwe la mlangoni, lile jiwe nililoliandikia sentensi yenye mikono na salamu ndani yake. Hakuwa akilisalimia. Alikuwa anatafuta mlango ulipo. Nilikuwa nimemtazama baba yangu kwa ajili ya kumwandika tu, nikaona kila kitu isipokuwa kile kimoja, na watu wakanipigia makofi. Nilitoka nje nikaupiga teke mfuko wa vumbi la mbao. Ukapasuka, vumbi likanirudia lote mwilini.

Hospitalini tulikwenda wote watatu. Daktari, binti wa umri wangu, alimwekea baba matone, akamchungulia kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa asubuhi na jioni bila kukosa. Anaona, alisema, lakini kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akamwuliza baba ilianza lini. Baba akasema, "Kidogo tu." Nilimkasirikia kwa lile neno kuliko nilivyomkasirikia kaka kwa yote aliyoyafanya.

Njiani kurudi kaka alitoa uamuzi, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Baba asije tena karakana. Kuna msumeno wa umeme, kuna misumari chini, na yeye, kaka, hawezi kuwa na roho juu kila saa. Nilingoja baba akatae. Hakukataa. Alipelekwa nyumbani, akawekwa kwenye kochi, akawashiwa redio.

Wiki mbili alikaa pale. Nilikwenda kila siku. Siku ya kwanza aliniuliza habari za karakana. Siku ya nne hakuuliza. Wiki ya pili nilimkuta amevaa kandambili mguu mmoja wa kwake na mmoja wa wifi, na hakuna aliyemwambia, na kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ukingo wa meza ya kahawa, mbele na nyuma, kikitafuta mahali pa kuranda. Niliondoka nikaenda karakana, nikamwambia kaka kwamba yule mzee anakufa akiwa ameketi, na kwamba nitamjengea kabati.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakutaka kubishana, nadhani na yeye alikuwa ameziona kandambili. Akaweka masharti. Msumeno wa umeme baba hataugusa kabisa. Kabati lake litakaa kona ya nyuma, chini ya dirisha, mbali na wateja, na lile jeupe litabaki mbele. Na kabla hajaruhusiwa kurudi atajaribiwa: nitataja zana saba, azitoe zote mwenyewe, bila kuuliza na bila kujikata.

"Akikosea hata moja," kaka akasema, "anarudi kwenye kochi, na wewe hutaandika barua yoyote gazetini."

Nilikubali. Kisha nikagundua nimekubali nini. Droo zile sita zilitengenezwa kufuata matundu yake, na matundu yalikuwa yameliwa na mchwa. Sasa ilinibidi nitengeneze matundu ya kufuata droo, sita zisizofanana, moja imepinda kama imechoka. Nilinunua plaiwudi ya ubavuni, imekatwa na kulainishwa dukani. Kaka aliniona nikiishusha kwenye toroli.

"Hiyo umeitengeneza au umeinunua?"

Nilimtukana tusi dogo. Akaingia ndani, na baada ya muda akarudi na mbao nne za msonobari alizozipasua kwa mashine, zimenyooka, akaziegesha ukutani bila kusema ni za nini. Zilikuwa za njia. Sikumshukuru. Nilizitumia.

Nilifanya kazi ile kwa hasira tupu. Nilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Riwaya ilikaa mezani wiki tatu bila kuguswa. Nilijifunza kwamba droo ya mtu wa mkono wa kushoto haiendi upande kwa makosa. Ameikata hivyo makusudi, imjie mkononi mwake. Nilijifunza kwamba ile inayolia ina msumari mmoja tu unaokwaruza, na nilikaribia kuung'oa, mkono uko tayari na koleo, kabla sijakumbuka.

Ya saba niliitengeneza mwisho, mpya kabisa, kwa mninga, pembe zake zikiumana meno kwa meno. Nilipima kwa futi. Niliranda, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya sangara kwenye njia. Ilipoingia, iliingia kama maji. Niliivuta na kuisukuma mpaka kaka akaja kuangalia, akaisukuma na yeye, akasema, "Hii ningeiuza." Droo ile mbaya niliyoirekebisha kichwani mwangu miaka yote, hatimaye nilikuwa nimeirekebisha kwa mikono.

Tulimleta baba Jumamosi. Alilipapasa jiwe. Tulimsimamisha mbele ya kabati, kaka akakunja mikono kifuani, mimi nikaanza kutaja. Randa. Alikwenda kwenye inayokwenda upande, akaitoa. Misumari ya inchi mbili. Kabati likalia, akatabasamu. Patasi, ncha zikiwa ndani safari hii. Nyundo ndogo. Gundi. Msasa, akiinyanyua kwanza ile ya Misungwi. Sita bila kosa.

"Penseli na mraba."

Mkono wake ulishuka, ukapata kishikio, ukavuta. Droo yangu ikateleza yote, kimya. Akairudisha. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akavuta tena, goti limeinuka nusu, halina cha kupiga.

"Hii ya nani?"

"Yangu, baba."

"Yako haifunguki hivi."

"Nimeitengeneza upya. Safari hii nimeiweza."

Aliisukuma na kuivuta mara mbili, tatu. Akapitisha kidole kwenye pembe, jino kwa jino, taratibu, nikaona amefurahi kweli, kama fundi. "Umeiweza," akasema. "Lakini haina alama. Nikiishika sijui niko wapi."

Nyuma yetu kaka alisema, si kwa ubaya, kwamba ile ni moja, na tulikubaliana. Nikamgeukia na sikumbuki vizuri nilichosema, ila kilikuwa kirefu na ndani yake kulikuwa na nyundo, na sangara, na kandambili. Nilimwambia anipe mpaka kesho. Alimwangalia baba, ambaye bado alikuwa ameshika droo yangu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wageni, akasema haya, kesho.

Walipoondoka nilikata kijiti chembamba cha mkongo, nikakipaka gundi, nikakibandika kwenye njia, pale pale katikati, mahali ambapo nikiwa msichana mbao ilinishinda. Nilijaribu kwa goti langu mwenyewe. Mara ya kwanza kilikuwa kinene mno. Nikakiranda kidogo, nikaacha, nikasikia mikono yangu ikitaka kuendelea, nikaiweka randa chini. Nimewahi kufuta sura nzima za kitabu bila kuumia hivyo.

Kesho yake, baada ya ibada, baba akiwa bado na shati la kanisani, tulirudia kutoka mwanzo. Zote sita. Kisha nikasema penseli na mraba. Mkono ukashuka. Droo ikatoka nusu, ikakwama.

Baba akaipiga goti.

Alitoa penseli, akaiweka nyuma ya sikio. Akatoa mraba. Akageuka, akaifuata benchi kwa nyonga, akavuta kipande cha mbao kilichokuwa karibu na kuanza kukipigia mstari kwa kuufuata ukingo kwa ukucha.

"Saa mbili kamili, mzee," kaka akasema kutoka mlangoni. "Kesho. Usichelewe."

"Nimechelewa lini?" baba akasema, bila kuinua kichwa.

Kaka akaja kusimama karibu yangu. Akavuta droo yangu, ikakwama, akavuta kwa nguvu, ikakataa. Nilimwacha ahangaike nayo. Sikumwambia habari ya goti.